Nani Amelichemsha?

Mtaani, mtu akiboronga jambo husemwa amechemsha. Kipa aliyeachia mpira mwepesi amechemsha. Mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani akaandika jina lake tu amechemsha. Gari nalo, mshale wa joto ukifika kwenye alama nyekundu na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, husemwa linachemsha. Juni ya mwaka jana maana hizi mbili zilikutana nyumbani kwetu Morogoro. Gari la mama lilichemsha, na baada ya siku mbili ikawa mjomba ndiye aliyechemsha.

Nasoma shahada ya uzamili ya isimu Dar es Salaam. Wakati ule nilikuwa nimemaliza vipindi vya darasani, nimerudi nyumbani kuandika pendekezo la utafiti, kwa sababu nyumbani chakula hakilipiwi. Kwa hiyo nilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya stesheni wageni ya mwaka 1999, injini ya 5A ya cc 1500. Mama alilinunua likiwa limeshazeeka. Viti vya nyuma hulazwa, na nafasi yake hujazwa viroba vya njegere, karoti na kabichi kutoka Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru. Safari huacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mzumbe na Mlali, kisha inaanza kupanda. Mzigo huuzwa kwa wachuuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu. Ada yangu, dawa za bibi na mshahara wa mjomba vyote hupanda na kushuka mlima huo mara mbili au tatu kwa wiki.

Mjomba ndiye dereva. Ni mdogo wake mama, wamefuatana. Sisi ni Waluguru, na kwetu ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa kualikwa kwenye sherehe tu. Ndiye anayeulizwa kwanza shamba likigawanywa. Nikiletewa posa leo, barua itasomwa mbele yake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ameharibu gari, unakuwa umesema jambo zito kuliko gari.

Aliyelisema kwanza alikuwa fundi wa gereji tuliyozoea. Gari lilivutwa kutoka mlimani likafikishwa kwake jioni. Alifungua boneti, akatazama maji yaliyobaki kwenye rejeta, akawasha injini kwa dakika chache, akazima. "Gasketi ya hedi imekata," akamwambia mama. "Dereva ameilazimisha huku inachemsha." Kazi yote, pamoja na kupeleka hedi kuchongwa iwe tambarare, alisema ni 850,000.

Maneno hayo yaliposhuka, kila kitu cha nyuma kikageuka ushahidi. Mama alikumbuka kwamba tangu Machi safari za Mgeta zilikuwa zinachelewa. Mzigo uliokuwa ukifika saa nne asubuhi ulianza kufika saa sita, njegere zimesinyaa. Alikuwa ameshajiuliza kama mjomba hapitii kwingine. Kulikuwa pia na habari iliyoletwa na mchuuzi mmoja aliyewahi kupanda naye: kwamba mjomba anapanda mlima mchana kweupe, jua linawaka, huku amewasha hita ya gari. Vioo vyote vimeshushwa, jasho linamtiririka, na hita inapuliza moto miguuni. "Mtu mzima anawasha hita Morogoro," mama alisema. "Huyo akili zake zilikuwa kwenye gari kweli?"

Mjomba hakujibu mengi. Alisema, "Dada, mimi gari silijui kuliko fundi. Mkishajua mtaniambia." Akaenda kwake. Wiki hiyo alikuwa akinunua mkaa na kuuza kwa makopo mbele ya nyumba yake ili watoto wale.

Siku ya tatu alikuja mnunuzi. Mafundi wana watu wao, habari ya gari bovu haikai. Alitaka kulichukua kama lilivyo kwa 1,800,000. Mama alimwomba ampe hadi Jumamosi.

Nilikuwa na siku nne, na pendekezo la utafiti lilikuwa halisogei, kwa hiyo nikaanza kulifikiria lile neno. Kitenzi cha msingi hapa ni kuchemka: maji yanachemka. Ukibadili ile k kuwa sh, unapata kuchemsha, kama vile waka na washa, anguka na angusha, amka na amsha. Ni kauli ya kutendesha, ambayo kila mtoto wa sekondari aliwahi kuipigia mstari. Kazi yake ni kuingiza mtendaji. Moto ukiwaka, hakuna aliyeulizwa. Ukisema umewashwa au mtu kauwasha, tayari kuna mtu.

Tunaposema gari linachemsha, mtendaji ni gari na kinachochemshwa ni maji yake, ingawa hatuyataji. Hadi hapo hakuna mtu aliyetajwa. Lakini sh ile haitulii. Baada ya muda mfupi utasikia "dereva ameichemsha", na sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Injini ina njia nyingi za kupata joto kuliko sentensi ilivyo na nafasi za watendaji. Nafasi ni moja, na siku ile aliwekwa mtu aliyekuwa ameshika usukani.

Nilimwomba mama anipe ruhusa ya kutafuta fundi wa pili kabla ya Jumamosi. Alikubali kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya mjomba.

Fundi wa pili ni mzee aliye Kihonda, anafanyia kazi chini ya mwembe, na hana kibao. Nilimkuta ameinamia basi dogo. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba gari linachemsha na kwamba tumeambiwa ni gasketi. Hakuuliza nani kasema. Aliuliza, "Linachemsha ukiwa kwenye foleni, au ukiwa kwenye mwendo?"

Nikasema sijui, mimi si dereva.

"Likipoa, ukiliwasha asubuhi, mshale unachukua muda gani kuinuka?"

Sijui.

"Maji mnaongeza mara ngapi? Baada ya safari ngapi?"

Sijui.

Alifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama. "Binti, umeniletea mgonjwa bila msemaji wake. Dereva yuko wapi?"

Nilimpigia mjomba. Nilimwambia ukweli: fundi anamhitaji, hatuwezi kuendelea bila yeye. Sidhani angekuja kwa kuitwa na mama wiki ile. Kwa kuitwa na fundi alikuja, kwa bodaboda, na chini ya kwapa alikuwa na daftari la kurasa 96 lenye jalada la bluu.

Nimefikiria sana baadaye kuhusu swali lile la kwanza, kwa sababu ndani yake kulikuwa na nusu ya kazi. Gari likichemsha kwenye foleni au likiwa limesimama, na likapoa ukishika kasi, tatizo kwa kawaida ni hewa. Barabarani upepo wa mwendo hupoza rejeta wenyewe. Kwenye foleni rejeta hutegemea feni, na feni ikiwa imekufa, au fyuzi yake imeungua, au kihisi chake hakiiambii iwake, mshale hupanda. Lakini gari likikaa vizuri kwenye foleni na kuchemsha kwenye mlima ukiwa na mzigo, feni huondoka kwenye orodha ya washukiwa wa kwanza. Hapo injini inazalisha joto jingi kuliko mfumo unavyoweza kulitoa, na unaanza kuuliza kuhusu maji: yapo ya kutosha? Yanazunguka? Yanapita kwenye rejeta nzima au kipande?

Mjomba alijibu kabla swali halijaisha. "Foleni ya Msamvu naweza kukaa nusu saa, mshale hauendi popote. Ni mlima. Nikishapita Mlali, gia ya pili, dakika kumi na tano."

Kisha akafungua daftari. Mama ndiye aliyelianzisha, kwa ajili ya hesabu: lita za petroli, viroba, nauli ya vijana wa kupakia. Tangu Februari mjomba alikuwa ameongeza safu ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Iliandikwa "mshale" na "maji". Robo tatu, nimesimama dakika 25. Karibu na nyekundu, nimesimama dakika 40, maji lita 2. Zilikuwa kurasa kumi na moja za namna hiyo. Mama alikuwa akisoma safu za kushoto tu, zenye fedha.

Zile saa mbili za kuchelewa zilikuwa pale, zimegawanywa katika dakika 25 na 40. Alikuwa akisimama kando ya barabara, kabeji zikisinyaa, ili injini ipoe.

Fundi alipofika kwenye habari ya hita alicheka, akampiga mjomba begani. Hita ya gari haitengenezi moto wake. Ni rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, inayopitiwa na maji yaleyale ya injini. Ukiiwasha hadi mwisho na feni yake ikipuliza kwa nguvu, unatoa sehemu ya joto la injini na kulileta kwa dereva. Ni njia ya dharura inayojulikana kwa madereva wa magari makongwe kila mahali. Mjomba alikuwa amejichoma miguu kwa miezi minne kuokoa hedi.

"Sasa tuanze na vya bei rahisi," fundi alisema.

Utaratibu wake ulikuwa huo: kwanza kinachoangaliwa kwa macho, kisha kinachojaribiwa kwa mkono, kisha kinachofunguliwa na kurudishwa, na mwisho kabisa kinachofunguliwa na hakirudi kama kilivyokuwa. Nilimuuliza kwa nini hakuanza na gasketi, maana ndiyo tuliyoambiwa. Jibu lake nililiandika nyuma ya daftari la mjomba. Alisema gasketi ni ya mwisho kutajwa kwa sababu ukishaitaja lazima ufungue hedi, na ukishafungua hedi gasketi inabadilishwa hata kama ilikuwa nzima. Ya zamani inatupwa. Hakuna atakayerudi kukuambia ulikosea.

Gari lililetwa kwa kuvutwa, likalala chini ya mwembe. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, alifungua mfuniko wa rejeta. Hilo alilirudia mara tatu kwangu, kana kwamba siku moja nitakuwa peke yangu barabarani: mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Ndani kuna shinikizo. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hubaki maji kwa sababu tu yamebanwa, na ukiyafungulia yanageuka mvuke palepale usoni kwako.

Alichovya kidole, akanionyesha. Maji yalikuwa ya rangi ya tope la matofali. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye karatasi nyeupe. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji hayakuwa yameingia ndani yake. Akajaza rejeta hadi juu, akaacha mfuniko wazi, akamwambia mjomba awashe injini, nasi tukainama kutazama. Gasketi ikiwa imekata kati ya silinda na njia ya maji, hewa ya mlipuko hupenya na mapovu hupanda bila kukoma. Tuliona mapovu machache mwanzoni, hewa iliyokuwa imenaswa, kisha maji yakatulia. Bomba la moshi halikutoa moshi mzito mweupe. Alizima, akachomoa plagi zote nne, akafunga kipima mgandamizo kwenye silinda moja baada ya nyingine. Namba zote nne zilikaribiana.

"Gasketi haijakata," mjomba alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu ya sauti ya juu tangu Jumatatu.

"Leo haijakata," fundi akajibu. "Mngeendelea mwezi mmoja ingekata." Alieleza kwamba injini hii ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Madini hayo mawili hayatanuki sawa yakipata moto. Joto likizidi mara nyingi, hedi hupinda, na gasketi iliyo katikati ndiyo inayolipa.

Lakini maji yalikuwa yakipungua kweli, na maji hayapotei. Kama hayaingii kwenye oili wala hayatoki na moshi, yanatoka nje. Fundi aliniambia nitafute madoa. Yalikuwepo, ya rangi ya kutu, kuzunguka shingo ya rejeta na ubavuni mwa chupa ya akiba, na yalishuka hadi kwenye bampa. Akageuza mfuniko. Mpira wake wa chini ulikuwa mgumu kama kipande cha ndala ya zamani.

Juu ya mfuniko ule paliandikwa 0.9. Ni kiwango cha shinikizo ambacho mfuniko unatakiwa kushikilia kabla ya kuruhusu maji kwenda kwenye chupa ya akiba. Kwa shinikizo hilo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, huvumilia hadi karibu na 120. Mfuniko usioshika huirudisha injini kwenye sheria ya sufuria. Na sufuria mlimani ina sheria kali zaidi: kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Mgeta iko juu ya mita 1000. Gari letu lilikuwa likipanda, likifanya kazi ngumu zaidi, kuelekea mahali ambapo maji yake yanachemka mapema zaidi. Kumbe hata foleni ya Msamvu ilikuwa na maana, kwa sababu Msamvu ni chini na gari halina mzigo wa kupandisha.

Alichukua mfuniko mzuri kutoka kwenye gari jingine lililokuwa likisubiri spea, akaufunga kwetu. "Usinunue kitu kabla hujakijaribu cha kuazima," alisema. Wakaenda na mjomba hadi barabara ya kupanda kuelekea Mlali, wamepakia mawe. Walirudi baada ya saa moja na nusu. Maji hayakupungua, lakini mshale ulikuwa umepanda hadi robo tatu. Mfuniko ulikuwa na kosa, ila haukuwa peke yake.

Hapo ndipo alipofungua nyumba ya thamostati, kikombe kidogo cha alumini chenye bolti mbili. Ndani hapakuwa na kitu.

Mjomba alisema mara moja lini ilitoka. Miaka miwili nyuma, kwenye gereji ileile tuliyozoea. Waliitoa wakasema nchi yetu ni ya joto, kifaa hiki ni cha Wajapani na theluji yao. Msemo huu umeenea sana na unaonekana una akili. Thamostati huziba njia ya kwenda kwenye rejeta hadi maji yafike joto fulani, mara nyingi nyuzi 82 kwa injini kama hii, kisha hufunguka. Kwa nini tuzuie maji kupoa? Ndivyo mtu anavyojiuliza.

Fundi alichora kwa kijiti kwenye vumbi. Injini hii ina njia ya mkato, ambayo maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta wakati wa baridi. Thamostati inapofunguka, sahani yake ya nyuma huibana njia hiyo ya mkato, na maji yote yanalazimika kwenda kupoa. Ukiing'oa, umefungua milango yote miwili milele. Asubuhi injini inachelewa kupata joto lake, kwa hiyo inakunywa petroli nyingi. Mlimani, sehemu ya maji ya moto inazunguka kwenye mkato na kurudi ilikotoka bila kuiona rejeta. Daftari la mjomba lilikuwa na hilo pia, kwenye safu za mama. Petroli ya Mgeta ilikuwa imeongezeka tangu mwaka ule.

Jambo la mwisho halikuhitaji spana. Waliiacha injini ipate moto, wakazima, fundi akachomoa waya wa feni ili isije ikawaka yenyewe, akapitisha kiganja taratibu kwenye uso wa rejeta. Akaniambia nifanye hivyo hivyo. Upande wa kulia ulikuwa wa moto kiasi cha kunifanya niutoe mkono. Katikati vuguvugu. Upande wa kushoto, upana wa kama shubiri moja, ulikuwa baridi kama ukuta wa kivulini. Maji hayakupita pale kabisa. Mirija ilikuwa imejaa kutu na chokaa.

Kutu hiyo ilitoka wapi? Mfumo huu unataka kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji yaliyosafishwa. Watu huiona kama dawa ya baridi kali, na kweli huzuia kuganda, lakini kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Sisi tulikuwa tunatia maji ya bomba. Mlimani mjomba alikuwa anatia maji ya vijito, anachuja kwa kitambaa. Kwa miaka mitano bloku ya chuma ilipata kutu, kutu ikasafiri hadi mahali pembamba zaidi, na mahali pembamba zaidi ni mirija ya rejeta.

Ijumaa jioni fundi alitaja hesabu: rejeta mpya ya bei ya kati 180,000, thamostati 35,000, mfuniko 15,000, kulanti ya kutosha mfumo wa lita kama 6, mpira wa nyumba ya thamostati, kusafisha bloku, na ufundi. Jumla 310,000. Mama aliuliza kama ana uhakika. Alisema uhakika uko Mgeta, si Kihonda. Waliifunga Jumamosi asubuhi, wakajaza polepole huku hita imefunguliwa ili hewa itoke, na mchana mama mwenyewe alipanda kiti cha mbele. Mimi nilikaa nyuma kati ya viroba vitupu. Tulirudi na viroba kumi vya njegere na karoti. Mshale ulipanda hadi chini kidogo ya katikati, ukakaa hapo kwenda na kurudi. Hatukusimama popote. Mnunuzi alipiga simu mara mbili, mama hakupokea.

Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu gari kupona hakumrudishii mtu jina lake. Jumapili mama alimwita mjomba, akaita na bibi, na yule mchuuzi aliyeleta habari ya hita. Alisema mbele yao kwamba fundi wa kwanza alimdanganya, na kwamba mdogo wake hana kosa. Nilitegemea mjomba ashukuru.

"Dada," alisema, "hakukudanganya yeye peke yake. Mwaka juzi nilikuomba fedha ya kulanti. Ukaniambia maji ni maji."

Bibi aligeuka akamtazama mama. Palikuwa kimya kwa muda, redio ya jirani ndiyo iliyokuwa ikisikika.

Mama alisema, "Nilisema hivyo."

"Na maji ya kijito nilitia mimi," mjomba akaongeza. "Kwa hiyo ukihesabu, tuko wengi."

Sijui kama kuna kauli ya kitenzi inayoweza kubeba watendaji wengi namna hiyo, kila mmoja na sehemu yake, bila kumwacha mmoja asimame mbele kwa niaba ya wote. Gereji iliyong'oa thamostati, mfuniko uliozeeka bila kuulizwa, shilingi zilizobanwa, kijito, mlima, mzigo. Ninachojua ni kwamba mafundi wawili walitazama gari moja, na tofauti yao haikuwa elimu wala vifaa. Wa kwanza alianza na jibu lililomlazimu mtu kulipa. Wa pili alianza na swali, na swali lilimlazimu kumwita mtu ambaye sisi tulikuwa tumeshamfukuza kwenye kesi.

Mjomba alirudi kazini kwa masharti mawili. La kwanza, kulanti iingie kwenye bajeti kama petroli. La pili, mama asome daftari lote kila Jumapili, na atie sahihi chini ya ukurasa. Nilipokuwa likizo ya Desemba nilizikuta sahihi zake zimepangika hadi ukurasa wa mwisho, na daftari jipya limeshanunuliwa. Safu ya mshale sasa ina neno moja, katikati, katikati, katikati, ila tarehe moja ya Oktoba ambapo mjomba ameandika: "Feni imechelewa kuwaka. Nimemwambia fundi." Pembeni, kwa mwandiko wa mama, kuna alama ya vema na maneno mawili: "Amesema nini?"